Hakuna Maoni Bila Mahali: Namna ya Kuendesha Kikao cha Wanafunzi Kujadili Vitabu Walivyosoma

Muulize mwanafunzi wa sekondari kitabu alichokimaliza jana kilikuwaje. Atakwambia ni kizuri, kisha ataanza kukusimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimbana aseme yeye alionaje, atakutolea funzo: tamaa ni mbaya, tuwatii wazazi, umoja ni nguvu. Maoni anayo. Lakini amezoea kwamba kitabu kina jibu moja, na jibu hilo liko kwa mwalimu au kwenye kijitabu cha mwongozo, kwa hiyo analinda alama zake.

Maelezo haya ni ya mwalimu, mkutubi au kiongozi wa chama cha wasomaji katika shule ya kawaida ya Kisumu, Kakamega au kwingineko magharibi mwa Kenya, hadi Nakuru: darasa la watu 50, nakala chache, na dakika 40 kabla kengele haijalia. Kila hatua inategemea sheria moja. Anayetoa maoni aonyeshe mahali yalipotoka: ukurasa, aya, ikiwezekana sentensi yenyewe. Asiyekuwa na mahali arudi kitabuni kwanza, na asionewe haya kwa kurudi.

Kikao cha kwanza hakihitaji kitabu

Ukianza na riwaya, nusu ya darasa itakuwa haijaisoma na nusu nyingine itakuwa imesoma muhtasari. Anza na hadithi ambayo karibu kila mtu pande za Nyanza amewahi kuisikia: Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo. Iandike ubaoni kwa sentensi chache, kila moja na nambari yake. Nambari hizo ndizo zitakazosimama badala ya kurasa. Mfano huu unatosha:

1. Lwanda Magere alikuwa shujaa mkubwa, na mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe.
2. Mikuki ya maadui haikumwingia.
3. Maadui wakashauriana, wakampa msichana mrembo awe mkewe, ili achunguze siri ya nguvu zake.
4. Wazee wakamwonya Lwanda asimwoe, naye hakusikia.
5. Siku moja Lwanda akaugua, na mke wake wa kwanza hakuwepo.
6. Akamwomba yule mke mgeni amchanje na kumpaka dawa.
7. Kisu kikakataa kuingia kwenye ngozi, ndipo Lwanda akamwambia achanje kivuli chake.
8. Alipochanja kivuli, damu ikamtoka Lwanda.
9. Usiku mke akatoroka, akaenda kuwaeleza watu wake.
10. Vitani, shujaa mmoja akakichoma kivuli kwa mkuki. Lwanda akafa na kugeuka jiwe.

Wanafunzi watakwambia nyumbani kwao inasimuliwa vingine. Ni kweli, hadithi simulizi hubadilika kutoka boma hadi boma. Waambie kwa leo tunajadili hii iliyo ubaoni peke yake. Hili ni zoezi muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu siku mtakapofika kwenye riwaya ndivyo watakavyojua kwamba tunajadili kilichoandikwa na mwandishi, wala si filamu waliyoiona au alichosimulia ndugu yao mkubwa.

Sasa uliza swali moja tu: Je, mke huyu alimsaliti mumewe?

Wape dakika tano za kuandika kimya, bila mazungumzo, bila kunong'ona. Usiziruke. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika ana kitu mkononi, na hata mwoga huweza kusoma alichoandika. Ukiacha waanze kusema moja kwa moja, wale watatu wanaosema kila siku ndio watakaosema, na wengine 47 watakubaliana nao.

Watakapoanza kusoma, utapata ngazi tatu za majibu, na kazi yako ni kuwapandisha kutoka moja hadi nyingine. Chini kabisa ni: "Hadithi hii ni nzuri na inatufunza tusiwaamini watu ovyo." Hapo hakuna cha kujadili. Juu yake kidogo: "Mke alikosea kwa sababu mke hafai kutoa siri za nyumba." Hilo ni wazo, ila limetoka nje ya hadithi, kwenye mawaidha ya arusi. Muulize, "Ni sentensi ya ngapi iliyokufanya useme hivyo?" Atasoma tena, atasema ya 9. Muulize kinachosemwa humo ni nini hasa. Atagundua kwamba sentensi ya 9 inasema alitoroka akaeleza, lakini haisemi alijisikiaje. Ngazi ya tatu ni hii: "Hakusaliti. Sentensi ya 3 inaonyesha alitolewa na watu wake wakiwa na shauri lao. Hakuna mahali tunapoambiwa yeye aliulizwa." Hapo mjadala umeanza, maana mwenzake atasimama na kusema: "Lakini usiku ule wa sentensi ya 9 hakuna aliyemtuma. Angeweza kubaki." Wa tatu atauliza mbona hakuna anayemlaumu Lwanda, aliyeonywa katika sentensi ya 4 na mwenyewe akafichua siri katika sentensi ya 7.

Wewe usiseme upande wako. Hata ukiulizwa. Mwalimu akishasema, "Mimi naona...", mjadala umefungwa, kwa sababu darasani neno la mwalimu ni alama. Jibu swali kwa swali, au sema utatoa maoni yako kipindi kijacho, kisha kweli uyatoe, ukionyesha sentensi zako kama mtu mwingine yeyote.

Tahadhari moja kuhusu hadithi hii. Ni hadithi ya vita kati ya jamii jirani, na katika darasa la Nakuru, Muhoroni au Sondu watoto wa pande zote mbili huenda wameketi dawati moja. Wazazi wao wanakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi, mapema 2008. Kwa hiyo mwite "mke" na "watu wake" na kazi iishie hapo. Usiweke jina la kabila ubaoni. Mwanafunzi akisema "nyinyi" badala ya "maadui wa Lwanda," msimamishe papo hapo, kwa upole, na umwombe arudie kwa kutaja mhusika. Ukiona darasa bado lina joto la mambo ya nje, tumia ngano ya wanyama. Njia ni ileile.

Kadi

Kuanzia kikao cha pili, kila mtu anaandika kwenye kadi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili na kukatwa inatoa kadi 4, kwa hiyo darasa la 50 linahitaji karatasi 13. Karatasi zilizochapishwa upande mmoja zinafaa. Kadi iwe ndogo makusudi: mwanafunzi akipewa ukurasa mzima ataujaza kwa muhtasari, lakini kwenye kadi hana nafasi ya kusimulia.

Kadi ina mambo manne. Juu, jina la kitabu na la mwandishi. Chini yake, nambari ya ukurasa na maneno machache aliyoyanakili kutoka hapo, yasiyozidi mstari mmoja, ndani ya alama za kunukuu. Kisha sentensi mbili au tatu za maoni yake. Mwisho, swali moja analotaka kumwuliza mtu mwingine aliyesoma kitabu hicho. Jina la mwanafunzi liwe nyuma ya kadi, ili kadi iweze kusomwa na mtu mwingine kwa sauti bila darasa kujua ni ya nani. Hilo linawasaidia sana wale wanaoogopa kuchekwa.

Watakaokwama wape vianzio vya sentensi, uviandike pembeni mwa ubao: "Nilimwamini mhusika huyu hadi ukurasa wa...", "Sielewi kwa nini mwandishi...", "Ningekuwa mahali pake, ningefanya... kwa sababu...", "Sehemu hii ilinichosha, kwa kuwa..." Hicho cha mwisho kisiachwe. Wanafunzi wengi hawajawahi kuruhusiwa kusema kitabu kiliwachosha, hasa kitabu teule cha mtihani. Waruhusu, kwa sharti lilelile: kilianza kukuchosha ukurasa wa ngapi, na kulikuwa na nini hapo? Aghalabu jibu linakuwa maelezo marefu ya mandhari, au msamiati mgumu uliorundikana, au mhusika aliyeletwa ghafla. Mtoto anayeweza kuonyesha mahali kitabu kilipolegea ameanza kusoma kama mhakiki.

Kuhusu kunakili kutoka kwenye mwongozo: utaijua kadi hiyo kwa maneno kama "mwandishi amefaulu kusawiri" na "maudhui ya utabaka" kutoka kwa mtoto ambaye hasemi hivyo popote. Kumwadhibu hakusaidii. Mwombe afungue ukurasa alioutaja. Ikiwa hakutaja ukurasa, kadi haijakamilika, na hilo tu ndilo kosa lake. Miongozo mingi hupanga mambo kwa dhamira na wahusika, kwa hiyo hitaji la maneno yaliyonakiliwa pamoja na swali la mwisho linamrudisha kitabuni bila ugomvi.

Dakika 40 zinavyogawanyika

Dakika 3 za kutulia na kutoa vitabu. Dakika 5 mtu mmoja asome kwa sauti kifungu cha nusu ukurasa, ili hata ambaye hakumaliza awe na kitu cha kushika. Dakika 7 za kuandika kadi. Dakika 12 katika vikundi. Dakika 10 darasa zima. Zinabaki 3 za kukusanya kadi na kuchagua swali la wiki ijayo. Kipindi cha pamoja cha dakika 80 ni afadhali zaidi, lakini usizidishe muda wa kuandika. Ongeza muda wa vikundi na wa darasa zima.

Kikundi kiwe na watu 5 au 6. Wakifika 8 wawili watalala. Madawati yakiwa yamebanana, wa mbele wageuke nyuma, basi. Kila kikundi kina mwenyekiti, na kazi yake ni mbili tu: kuhakikisha kila mmoja amesoma kadi yake kabla ya yeyote kuzungumza mara ya pili, na kuuliza "Ukurasa?" mtu anaposahau. Usimpe uenyekiti yule anayeongoza mtihani. Wenzake watamgojea aseme kwanza. Mpe mtu anayesikiliza vizuri, na wabadilishane kila wiki.

Vikundi vikishamaliza, kila kimoja kilete darasani jambo moja ambalo kilishindwa kukubaliana. Ukiomba walete walichokubaliana, utapata vikundi tisa vyenye jibu moja.

Wafundishe pia namna ya kupingana. Wengi wana njia mbili tu, kunyamaza au kuzomea. Waandikie: "Mwenzangu ametaja ukurasa wa 30, naomba asome pia wa 52." "Nakubaliana naye hapo, ila..." "Naona sentensi hiyo tofauti, kwa sababu..." Anayejibu kwanza arudie alichosema mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Inachukua nusu dakika na inaondoa ubishi mwingi, maana mara nyingi watu wanabishana na jambo ambalo halikusemwa.

Lugha, mvua na nakala chache

Baadhi ya shule bado zinazungusha diski, kibao cha aibu anachobebeshwa anayesema lugha ya nyumbani. Siku ya kikao diski ikae kabatini. Mwanafunzi anayetafuta neno la kueleza huzuni ya mhusika huenda akalipata kwa Kiluo, Kinandi au Kiluhya kwanza. Alitaje, wenzake wamsaidie kulipatia Kiswahili, kisha aliandike kwenye kadi kwa Kiswahili sanifu. Ukimzuia hapo mwanzo, anarudi kwenye "ni kizuri." Sheng ivumiliwe kwenye kikundi, si kwenye kadi. Na wanaotoka jamii mbalimbali wana matamshi mbalimbali. Anayemcheka mwenzake kwa lafudhi aambiwe mara moja kwamba hapa tunajibu hoja tu.

Saa ya kikao ichague kwa kuangalia mawingu. Kakamega, Kisii na Kisumu, mvua hupenda kushuka alasiri, na chini ya paa la mabati lisilo na dari hutasikia hata jirani yako. Chama kinachokutana saa kumi jioni katika miezi ya masika kitapoteza vikao vingi. Kipindi cha asubuhi au cha kabla ya chakula cha mchana ni salama zaidi. Mvua ikiwakuta katikati, usiwapigishe kelele: geuzeni kikao kiwe cha kimya, kadi zipitishwe mkono kwa mkono na kila mtu aandike jibu fupi chini ya swali la mwenzake. Mara nyingine majibu hayo ya maandishi hushinda ya mdomo.

Asubuhi ambayo jua halijawa kali, watoe nje. Chora mstari ardhini kwa kijiti: upande huu wanaosema ndiyo, upande ule wanaosema hapana, na wasio na hakika wasimame juu ya mstari. Mmoja wa kila upande asome kadi yake kwa zamu. Anayeshawishika anavuka, bila kueleza lolote. Halafu waulize waliovuka ni sentensi gani iliyowavusha. Hii inafaa kwa maswali ya ndiyo au hapana peke yake, na isizidi dakika 15, la sivyo inageuka mchezo wa kukimbiliana.

Nakala zikiwa 5 kwa watu 50, msijidanganye kwamba wote watasoma kitabu kizima kwa wakati mmoja. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hadithi fupi: kurasa 8 au 10 zinasomeka kwa sauti katika vipindi viwili, na kila mtu anakuwa amesoma. Ya pili ni kila kikundi kuwa na kitabu chake tofauti, kikisomwa kwa zamu wakati wa prepu (saa za kujisomea), na kikao kikawa cha vikundi kuulizana. Kisumu, Nakuru na Kakamega kuna maktaba za umma. Mwalimu aende mwenyewe aulize masharti ya shule kuazima, na abebe barua yenye mhuri wa shule. Kwenye vitabu vya mitumba angalia kurasa kabla ya kulipa: mara nyingi zinazokosekana ni za mwisho.

Mkitumia matoleo tofauti ya kitabu kimoja, nambari za kurasa hazitalingana, na wanafunzi watadhani mwenzao anadanganya. Hapo tajeni sura na maneno ya kwanza ya aya.

Swali zuri linavyopatikana

Kikao kikizorota, mara nyingi kosa liko kwenye swali. "Kitabu kinatufunza nini?" huleta methali. "Eleza sifa za mhusika mkuu" huleta orodha. Kabla ya kulipeleka darasani, lipime: watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti? Kila upande una angalau mahali pawili pa kuegemea kitabuni? Na ambaye hakusoma atashindwa kulijibu? Likishindwa kipimo hicho cha tatu, wasiosoma ndio watakaotawala mjadala, na waliosoma watakata tamaa. "Je, ni sawa kuiba ukiwa na njaa?" linajibika na kila mtu. "Je, mhusika huyu alipochukua mahindi katika sura ya nne, mwandishi alitaka tumwonee huruma?" linahitaji kitabu.

Maswali bora hatimaye yatatoka kwenye kadi zenyewe. Baada ya kila kikao, pitia ile sehemu ya mwisho ya kadi na uchague mawili. Mwanafunzi ambaye swali lake limejadiliwa na darasa zima ataandika lijalo kwa makini zaidi.

Je, kuna alama? Maoni yasipewe alama kwa kuwa sahihi au kukosea. Ikiwa shule inadai alama, weka 5: 2 kwa mahali palipotajwa na kunakiliwa sawasawa, 2 kwa sababu inayotokana na mahali hapo, na 1 kwa kumjibu mwenzake. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wakilalamika kwamba wanapoteza muda, wakumbushe kwamba karatasi ya Fasihi katika Kiswahili, 102/3, huwataka waeleze muktadha wa dondoo na watoe hoja zenye ithibati kutoka kitabuni. Anayejua nani alisema nini wapi, na kwa nini, haanzi upya kukariri.

Kadi zinakwenda wapi

Zisitupwe. Bandika bahasha ya kaki ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu na uweke humo kadi za waliokisoma. Msomaji anayefuata amalize kitabu kwanza, ndipo afungue bahasha, ajibu swali moja kwenye kadi yake, na kuiweka pamoja na nyingine. Wasio na subira watachungulia. Andika juu ya bahasha "Fungua ukimaliza," na kwenye kadi zinazofichua mwisho chora nyota pembeni.

Tumia gundi ya dukani. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri, lakini mende na panya wanaupenda, na katika maktaba yenye unyevunyevu huota ukungu hadi kwenye jalada. Bahasha ibandikwe kwa kingo tatu, mdomo ukiangalia juu, na isijazwe zaidi ya kadi 15, kwa sababu uti wa kitabu utafumuka. Zikizidi, mwalimu mlezi na wanachama wawili wachague 10 za kubaki: zile zenye mahali palipo wazi, zinazopingana, na angalau moja ya mwanafunzi ambaye hakukipenda kitabu. Nyingine watoboe tundu, wazifunge kwa uzi kwa mpangilio wa majina ya vitabu, na waziweke mezani pa mkutubi, ambapo anayetafuta kitabu cha kuazima atazipitia kabla ya kuchagua.